Kikundi Kilichofuata Mwezi

Tulipogawana vitu vya mama, dada zangu walichukua vitenge, sufuria kubwa ya pilau na ule mkeka wa rangi ambao shangazi aliuleta kutoka Ujiji. Mimi niliomba mto wake wa kulalia. Wifi yangu akacheka, kisha akakumbuka kwamba tuko msibani, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Fatu, weye, huo muto imekonda hivi unaupeleka wapi? Si tukununulie mupya?"

Nikamwambia sitaki mpya. Ni kweli mto umekonda. Sufi iliyomo ndani, ile pamba ya mti tuliyoizoea sote utotoni, haitoshi kujaza hata kofia mbili. Juu ya kitambaa chake kuna doa la rangi ya chungwa, kiganja kizima na vidole vyake, doa lililoishinda sabuni na kulishinda jua pia. Niliposogeza uso, mto bado ulinuka mawese, baada ya miaka yote hiyo. Nililia pale pale, mimi niliyejikaza jeneza lilipotoka nyumbani, halafu nikiwa bado nalia nikapandwa na hasira. Wanaonijua wanasema kwangu mambo hayo mawili hayajawahi kuachana.

Hasira yenyewe ilikuwa na sababu. Siku chache kabla ya msiba nilikuwa nimealikwa kwenye semina mjini, nikakaa kwenye kiti cha plastiki asubuhi nzima nikifundishwa kinachofanya kikundi cha vijana kistawi. Mwalimu wetu, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliandika ukutani: uongozi, katiba, ratiba, sare. Akapiga mstari chini ya kila neno. Watu wa rika langu, watoto wa ufuko huu kama mimi, walitikisa vichwa na kuandika. Mimi pia nilitikisa kichwa, kwa adabu tu, kwa sababu chai ilikuwa bado haijaja. Leo sina adabu hiyo. Nina mto wa mama mapajani, na nitasema ninachokijua.

Ninyi mliokulia Rumonge mnakumbuka siku za mwezi. Wavuvi wetu hukamata ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa taa, na taa haina maana mwezi unapomwaga mwanga ziwani kote. Basi mwezi ukikaribia kujaa, mitumbwi huvutwa nchi kavu na kazi husimama hadi giza lirudi. Siku nyingine zote kaka zetu walikuwa watu wa kulala mchana. Ulipita mbele ya chumba cha kaka yangu Hamisi kwa kunyata, na ukiangusha kifuniko cha sufuria unatukanwa mpaka na babu. Lakini siku za mwezi waliamka pamoja nasi, wakanywa chai pamoja nasi, wakawa na meno na vicheko. Harusi zilifungwa siku hizo, na ugomvi wa zamani ulifufuliwa siku hizo. Na kikundi chetu kiliishi siku hizo.

Hakikuwa na jina. Watu walituita "wale wa mwezi," na hilo lilitosha. Kazi yetu ilikuwa kuziba mitumbwi. Mtumbwi wa mbao ukikaa majini muda mrefu, nyufa kati ya ubao na ubao hufunguka, na maji huingia kidogo kidogo mpaka mvuvi anatumia nguvu zake zote kuyachota badala ya kuvua. Dawa yake ni sufi iliyolowekwa katika mawese. Unaisokota iwe kamba, unaisukuma ndani ya ufa, kisha wakubwa wanaigongelea kwa patasi butu mpaka ikae. Sisi wadogo tulikuwa na kazi ya heshima kuliko mnavyofikiri. Mbele kabisa, pale mbao zinapokutana na kubanana, ni kidole cha mtoto tu kinachoingia. Mimi nilikuwa sijamaliza kung'oka meno ya utoto, lakini wanaume wenye ndevu waliniita: "Fatu, njoo, ingiza kidole hapa." Nilikuwa najiona waziri.

Tulikuwa wa kila aina. Hamisi na wenzake wa mtaa wa Waswahili, watoto wa madrasa. Espérance, binti mkubwa wa mkulima wa michikichi wa huko Gatete, Mkristo wa kuimba kwaya, aliyekuja na dumu la mawese ya baba yake kichwani na hakuwahi kulishika kwa mkono hata mara moja. Watoto wa waliorudi kutoka Tanzania, ambao Kiswahili chao kilitufanya tuone aibu na Kifaransa chao kikatufanya tucheke. Na Wakongo, waliovuka ziwa kutoka upande wa pili, wengine jana, wengine kabla hatujazaliwa.

Kiongozi hatukuwa naye. Tulikuwa na wimbo. Kugongelea sufi ni kazi ya kwenda pamoja, patasi zote zikishuka kwa mpigo mmoja ubao haupasuki. Na desturi yetu ilikuwa kwamba wimbo huanzishwa na aliyekuja mwisho. Yule mgeni kabisa, asiyemjua mtu, ndiye anayefungua mdomo wa kwanza, na sisi tunamfuata hata kama hatuelewi neno. Nilimuuliza Hamisi kwa nini iwe hivyo. Akajibu akiwa anakuna mgongo kwa patasi.

"Zetu si tunazijua? Tumezichoka, sha. Mugeni iko na mupya."

Mimi nilikuwa na elimu yangu ya pembeni. Niliona kwamba kila mara tulipovuta mitumbwi na kuanza kuimba, mwezi ulinenepa. Tulipomaliza na kuirudisha majini, ukakonda. Nikahitimisha kwamba mwezi tunauita sisi. Unasikia wimbo, unakuja kutazama, na wimbo ukiisha unaondoka zake. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliamini kila mtu anajua.

Mwaka ninaousimulia, wa mwisho kuja alikuwa Riziki. Alikuwa msichana wa rika langu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kusimama na mguu mmoja juu ya mwingine. Mama yake alivuka naye kutoka Baraka, mji wa ng'ambo ya ziwa, baada ya mumewe kufariki, na mali pekee aliyokuja nayo ni ule mtumbwi waliovukia. Aliwakodishia wavuvi wa kwetu wavue nao, na kila mzigo wa ndagala ulipotua alipata fungu lake akalianika, akaliuza. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao. Siku ya kwanza Riziki alipoambiwa aanzishe wimbo, aliangalia mchanga muda mrefu mpaka nikamwonea huruma. Kisha akafungua kinywa, ikatoka sauti nene ya mtu mzima, wimbo wa makasia wa Kibembe, lugha ya kwao, na patasi zote zikashuka pamoja. Sisi tulikuwa tunaitikia maneno ya ovyo kabisa. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alikuwa wangu, na mimi nilikuwa wake.

Mwezi uliofuata mtumbwi wa mama yake ndio uliokuwa na hali mbaya kuliko yote. Ulikuwa umefunguka kuanzia mbele hadi nyuma. Wavuvi wake walimwambia wazi kwamba giza likirudi na mtumbwi haujawa tayari, wataenda kwa tajiri mwingine. Mama Riziki alikuja ufukweni, akasimama mbele yetu na khanga imefungwa kiunoni.

"Batoto yangu," alisema, "mutumbwi isipoingia mu maji, mimi siko na cha kufanya hapa. Tutarudia Baraka. Na kule hatuko na mutu."

Riziki alitazama miguu yake. Mimi niliona rafiki yangu anaondoka, na nikaapa moyoni kwamba haendi popote.

Ndipo akaja Animateri. Ndivyo alivyojiita, na maana yake, alivyotueleza, ni mtu wa kuwachangamsha vijana. Alitumwa na shirika ambalo silikumbuki jina, na sina haja ya kulikumbuka. Alikuwa na pikipiki, na nyuma ya pikipiki kifurushi cha fulana nyeupe zenye maandishi ya kijani kifuani. Akatugawia pale pale ufukweni, kila mtu yake, hata sisi wadogo, zikatufika magotini. Niseme ukweli, tulizipenda. Hakuna aliyekuwa amevaa nguo ambayo haikuvaliwa na mtu mwingine kabla. Espérance alinusa yake kama mkate.

"Hizi ni za kikundi," alisema Animateri. "Sasa, kiongozi wenu ni nani?"

Vidole vyote vikamwelekea Riziki. Hatukuwa tunafanya mzaha. Aliuliza nani anaongoza, na aliyekuwa anaongoza wimbo ni yeye, amesimama na mguu mmoja juu ya mwingine, shavu lina mawese. Animateri alimtazama, akatutazama sisi, akaona amedharauliwa. Sura yake ilibadilika.

"Prezida wa kikundi ni huyu mutoto? Wa wapi huyu?"

"Wa Baraka," akajibu Riziki mwenyewe, kwa fahari.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kombo. Animateri alitueleza kwamba kabla giza halijarudi kutakuwa na sherehe, wageni wakubwa watakuja kutazama vijana wa Rumonge, na sisi tutaimba. Tutafanya mazoezi kila siku kwenye uwanja wa shule. Tutachagua komite. Watoto wa nje watakaa pembeni siku hiyo, kwa sababu wageni wanataka kuona vijana wa hapa. Na baada ya sherehe kikundi kitakutana kila Jumamosi, mwaka mzima, bila kukosa. Akahesabu faida kwa vidole: mpira, ngoma mpya, na siku moja nyavu.

Mimi nilisikia Jumamosi tu. Kila Jumamosi tuimbe? Kwa hiyo kila Jumamosi mwezi utakuja? Na mwezi ukija kila Jumamosi, taa zitafanya kazi lini? Baba atavua lini? Niliona njaa inatembea kuja nyumbani kwetu ikiwa imevaa fulana nyeupe. Nikasimama juu ya mtumbwi, nikapiga kelele:

"Mwezi haiwezi kuja kila Jumamosi! Tutakufa njaa!"

Ufuko mzima ulicheka. Hamisi alicheka mpaka akadondosha patasi. Ila kicheko kilipoisha wakubwa wakabaki wanatazamana, kwa sababu mtoto alikuwa amebwata upuuzi wenye ukweli ndani yake. Siku nyingi za Jumamosi, nusu ya kikundi ingekuwa imelala usingizi wa wavuvi.

"Lakini, Bwana," Espérance alisema pole pole, "hawa Jumamosi wanalala. Banatoka kwenye maji asubuhi."

"Mtu mwenye nia anaamka," akajibu Animateri.

Nyumbani baba alikuwa amekwisha sikia habari, na zilimpendeza. Alikuwa ameambiwa kwamba wazazi wa watoto watiifu hawatasahauliwa nyavu zitakapofika. Akamwamuru Hamisi aende mazoezini na anichukue mimi. Mama alikuwa anachambua mchele. Alikuwa mwanamke wa ndani, mama, mwenye haya zake, hakuwahi kukanyaga kule kwenye mitumbwi. Ndagala zilimfuata nyumbani. Nilimkimbilia yeye.

"Mama, Riziki wanamukalisha pembeni."

"Musikilize baba yako," alisema, bila kuinua macho. "Wewe mutoto mukaidi sana."

Nilimchukia siku hiyo. Nasema hivyo kwa sababu nakumbuka vizuri, nilimchukia na ungo wake.

Basi tukaenda shuleni mchana ule, tumevaa fulana, tumepangwa mistari kwa urefu. Riziki alikuja pia, hakuna aliyemwambia asije. Animateri alimkalisha kwenye ngazi ya darasa, mbali nasi. Kisha akapiga makofi.

"Haya, imbeni."

Tukanyamaza. Akapiga makofi tena. Hamisi alikohoa. Mtu mmoja alijaribu sauti, ikafa. Si kwamba tulikuwa tumepanga kugoma, jamani, wala hatukuwa na akili hiyo. Wimbo haukuwa na pa kuanzia. Aliyetakiwa kuuanzisha alikuwa amekaa kwenye ngazi, na sisi sote tulikuwa tunamtazama yeye tukisubiri. Animateri akasema basi anzisha wewe, akimwonyesha Espérance. Espérance, mwimba kwaya, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akafungua mdomo na kuufunga.

"Mimi si wa mwisho," alisema.

"Wa mwisho wa nini?"

Espérance alijitoa kwenye mstari, akatembea hadi kwenye ngazi, akamshika Riziki mkono, wakatoka nje ya uwanja. Hamisi akafuata. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbia. Nyuma yetu Animateri aliita kwamba atakayeondoka asirudi, na kila aliyesikia aliharakisha kidogo.

Nyumbani kulikuwa na vita. Baba alifoka mpaka majirani wakaja mlangoni kujifanya wanaomba chumvi. Alimwambia Hamisi kwamba ametupa nyavu za watu kwa ajili ya mtumbwi wa mgeni. Hamisi, ambaye hakuwahi kumjibu baba, akasema kwamba nyavu hazijaja na mtumbwi uko. Baba akainua mkono, mama akaweka sahani ya ugali katikati yao kwa nguvu hivi, na mkono wa baba ukashuka.

Tulirudi kwenye mtumbwi wa Mama Riziki na kufanya kazi kwa hasira. Nawaambia, hakuna sufi iliyosokotwa vizuri kama ile. Lakini siku za mwezi kila mtu anaziba, na sufi ya sokoni ilikuwa inakwisha. Siku ya sherehe yenyewe, jua likiwa juu, mwenye duka wa mwisho alitikisa gunia mbele yangu nikaona vumbi tu. Giza lilikuwa linarudi jioni ya kesho yake. Ubavu mzima wa mtumbwi ulikuwa bado wazi. Mama Riziki alikaa kwenye mchanga, akaanza kukunja khanga yake ya pili, ile ya safari, na nilijua maana ya kukunja kule.

Hamisi alivua fulana yake. Aliitazama mbele na nyuma, akasoma maandishi yake kwa sauti, kitu kuhusu vijana na kesho, kisha akaiuma upindo kwa meno na kuichana. Ile sauti ya kitambaa kipya kuchanika! Akachovya ukanda kwenye mawese, akausokota, akausukuma kwenye ufa. Ukakaa vizuri. Espérance alienda nyuma ya mtumbwi na wasichana wenzake, wakavaa khanga, wakarudi na fulana mikononi. Mimi yangu niliivua pale pale, nikabaki na kaptula, na sijawahi kujisikia mwenye nguo kuliko siku hiyo. Riziki alianza wimbo. Fulana moja baada ya nyingine zikaingia kwenye mbao, maandishi ya kijani yakageuka chungwa, kisha yakapotea.

Tulikuwa katikati ya wimbo pikipiki ilipofika. Wageni walikuwa wameketi shuleni, viti vimepangwa, na vijana hawapo. Animateri aliona vifua vitupu, akaona vipande vyeupe vinaning'inia kwenye ubao, akashika kichwa.

"Hiyo ni mali ya mradi! Munajua munachofanya?"

"Ulisema ni za kikundi, Bwana," alisema Espérance, patasi mkononi. "Kikundi ni hiki."

"Nitawaambia nini wageni?"

"Wakuje hapa. Wimbo iko hapa. Na kazi iko, wakitaka kushika."

"Mutajuta," alisema. "Hamutapewa hata sindano na mutu tena."

"Murakoze, Bwana," Hamisi akashukuru kwa heshima zote, na akapiga patasi.

Tulimsikia akipiga pikipiki teke mara kadhaa kabla haijawaka. Hakuna aliyecheka. Nadhani sote tuliogopa kidogo, lakini mikono haikusimama.

Jua lilipoanza kushuka upande wa Kongo ulibaki ufa mmoja tu, pale mbele, mwembamba. Kitambaa hakikuingia. Nilijaribu kwa kidole, kwa kucha, Riziki akajaribu, Hamisi akajaribu kukichana kiwe uzi, kikakataa. Pale palitaka sufi, na sufi haikuwepo Rumonge nzima. Nikamwona Mama Riziki anauma mdomo. Nikaanza kulia kwa sauti, kilio cha ghadhabu, nikiupiga mtumbwi mateke kwa mguu mtupu.

Ndipo niliposikia patasi zikisimama. Mama yangu alikuwa anashuka kwenye mchanga. Mama, ambaye hakuwahi kufika pale, na ushungi umefungwa vizuri, viatu mkononi, na kwapani mto wake wa kulalia. Hakumsalimia mtu. Alifika kwenye mtumbwi, akautazama ufa, akanitazama mimi na machozi yangu na kifua kitupu.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Ni hapa, mama."

Akapasua mshono wa mto kwa meno. Sufi ikatoka nyeupe, laini, upepo ukaiba kidogo. Akaingiza mkono wake mzima kwenye dumu la mawese, mpaka kwenye kifundo, ule mkono wa hina na haya, akaukandamiza mto kwa kiganja hicho hicho upepo usiibe tena, akasokota kamba ya kwanza mwenyewe, vibaya sana, nene huku na nyembamba kule.

"Mama Hamisi," alisema Mama Riziki, "utalalia nini?"

"Nitalalia mukono wangu. Mukono si ninao?"

Kisha Hamisi, kwa sura ya mtu asiye na mzaha hata chembe, akamwambia:

"Mama, weye ndiye umekuja mwisho."

Alielewa. Sijui nani alimweleza desturi yetu. Labda alikuwa anatusikia siku zote kutoka uani kwake. Alifuta pua kwa bega, akainua sauti ndogo iliyotetemeka, wimbo wa kubembelezea watoto aliotuimbia sisi wote, na wanaume wenye ndevu wakagongelea patasi kwa wimbo wa kubembeleza. Mimi niliingiza kidole kwenye ufa, nikasukuma sufi ya mto wa mama mpaka mwisho. Baba alikuwa amesimama juu kule penye michikichi, mikono nyuma. Hakushuka, lakini hakuondoka. Na kesho yake mtumbwi ulipovutwa majini, alikuwa wa kwanza kuweka bega.

Haukuingiza tone. Riziki hakwenda Baraka. Aliolewa Kigwena, ana watoto wanaonisumbua kwa simu, na msibani alikaa nami siku zote bila kunishauri ninyamaze.

Animateri alipata vijana wengine, akawapa fulana nyingine na Jumamosi zao. Mvua zilipokuja sikusikia habari zao tena. Nyavu hazikuja, wala mpira. Na wale wa mwezi wapo mpaka leo. Ziwa limepanda miaka hii, limekula ufuko wote tuliokuwa tunakalia na nyumba za watu juu yake. Wao wamesogeza mitumbwi huko juu kwenye michikichi, wanaziba, wanapigana, wanapatana, na wimbo bado anauanzisha mgeni. Nilipita juzi nikasikia mtoto wa Nyanza-Lac anaimba kitu ambacho sijawahi kukisikia, na wenzake wanamwitikia ovyo kabisa.

Kwa hiyo, kijana wa viatu vinavyong'aa, semina ijayo usiniite. Au niite, nije na mto huu niuweke juu ya meza yako. Mama hakuujaza tena. Baba alinunua sufi mara mbili, mama akaikataa mara zote mbili, akasema ameshazoea. Alilala kichwa chini hivyo hivyo mpaka asubuhi tulipomkuta hana pumzi. Doa pia alituzuia kulisugua kwa nguvu, na mimi nilikuwa nadhani anaona uvivu. Usiku wa kwanza nyumbani kwangu niliweka mkono wangu juu ya lile doa. Vidole vyangu na vyake vimelingana.